Tiketi ya Saa Saba Usiku: Uchambuzi wa Kisa cha Mwalimu Mkuu Aliyeondoshwa Melbourne

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki, cha mwalimu mkuu wa kike aliyetuhumiwa kuwadhalilisha kingono wanafunzi wake na kusafirishwa usiku uleule, kilipita katika mahakama za nchi mbili, Australia na Israeli, na sehemu kubwa ya habari zake ilisemwa hadharani. Hata hivyo majina ya manusura, ya mwalimu, ya shule na ya wajumbe wa kamati yake nimeyaacha. Anayeyataka atayapata kwingine. Hapa hayana kazi. Kinachotuhusu ni jinsi watu wazima, wacha Mungu, wengine wenye taaluma za kuheshimika, walivyokaa kikao jioni moja wakatoka na uamuzi ambao haki ilihitaji miaka 15 kuutengua.

Niliweke wazi jambo moja mapema. Wahusika ni Wayahudi wahafidhina, lakini ugonjwa wenyewe si wa dini yao. Tume ya Kifalme ya Australia iliyochunguza unyanyasaji wa kingono wa watoto katika taasisi, kuanzia 2013 hadi 2017, ilipita makanisani, kwenye shule za bweni, vyama vya michezo na makao ya watoto, na kote ilikuta tabia ileile ya kulinda jina la nyumba. Nimechagua shule hii kwa sababu mahakama zimeacha kumbukumbu ya kina isiyo ya kawaida, mpaka saa ambayo ndege iliruka.

Mazingira

Shule ni ya jumuiya ndogo ya Waharedi, yaani Wayahudi wanaoshika Torati kwa ukali kuliko wenzao wengi, katika vitongoji vya kusini mashariki mwa Melbourne. Waanzilishi wake walitoka Hungary na nchi za jirani, wengi wakiwa wamenusurika mauaji ya Wanazi. Kwa watu wenye historia ya namna hiyo, kituo cha polisi si lazima kiwe mahali pa kukimbilia. Hilo lieleweke kabla ya kumhukumu mtu, ingawa halimfutii mtu kosa.

Maisha yao yamejifunga. Sinagogi, duka la nyama ya kosheri (iliyochinjwa kwa sheria ya Kiyahudi), shule, mshenga wa ndoa, vyote vimo ndani ya mitaa michache, na anayekuuzia mkate wa Sabato mchana wa Ijumaa ndiye utakayesali naye jioni. Runinga na intaneti hazikaribishwi majumbani. Wavulana na wasichana husoma mbalimbali, na habari za mwili hazisemwi mpaka msichana anapokaribia kuolewa. Ndoa hupitia kwa mshenga, ambaye kabla ya kupeleka jina popote huchunguza ukoo mzima. Msichana akishawekewa maneno, hata wadogo zake watasubiri sana posa.

Mwalimu Mkuu aliletwa kutoka Israeli mwaka 2001, kwanza kusimamia masomo ya dini upande wa wasichana, kisha kuongoza. Mama wa watoto wanane, msomi wa dini, mwenye maneno ya kuvuta. Katika shule ambayo dini ndiyo msingi wa kila kitu, mkuu wa aina hiyo si mwajiriwa tu. Anachokisema kinapokelewa kama neno la dini lenyewe.

Wasichana watatu tunaowazungumzia ni ndugu wa tumbo moja. Mahakama ilielezwa kwamba nyumbani kwao kulikuwa na ukatili na upendo ulikuwa adimu, na kwamba mwalimu alilijua hilo. Aliwapa muda wake, akawapa masomo ya faragha, akawaita nyumbani kwake, akawachukua kambini. Katika jumuiya ile, kuteuliwa namna hiyo na Mwalimu Mkuu ilikuwa heshima iliyoonewa wivu.

Kilichotokea

Kwa miaka kadhaa kabla ya 2008, akiwa ofisini, nyumbani kwake na kwenye kambi za shule, mwalimu aliwadhalilisha kingono, walipokuwa wanafunzi na baadaye walipoanza kujifunza ualimu hapohapo. Upande wa mashtaka ulieleza kwamba aliwaambia yale yalikuwa kwa faida yao, maandalizi ya ndoa. Sitaingia ndani zaidi ya hapo. Kinachohitaji kushikwa ni kwamba wasichana hawa hawakuwa na maneno ya kutaja walichofanyiwa. Hakuna aliyewahi kuwafundisha kwamba jambo hilo lipo duniani, achilia mbali kwamba mwanamke anaweza kulifanya.

Jambo lilitoka mbali na nyumbani. Dada wa kati alikuwa ameshaolewa na kuhamia Israeli, akipata ushauri nasaha. Mapema mwaka 2008, mbele ya mshauri wake, alianza kusema. Habari ikavuka bahari na kufika kwa watu wa shule kule Melbourne.

Tarehe 5 Machi 2008 wajumbe wa kamati walikutana. Katika mazungumzo yale walikuwemo pia wenye taaluma ya sheria na ya saikolojia. Mwalimu alipigiwa simu, sauti ikawekwa wazi ili wote wasikie. Alikana. Alisema wamemharibia jina. Akaambiwa anasimamishwa kazi.

Kisha mambo yakaenda mbio. Usiku uleule tiketi za kwenda Israeli zilipatikana, zimeagizwa na watu wa karibu na uongozi wa shule, na shule ndiyo iliyolipa gharama. Saa saba na dakika ishirini usiku, tarehe 6 Machi, ndege iliondoka na mwalimu akiwa ndani yake pamoja na baadhi ya watoto wake. Tangu simu ile mpaka ndege kuruka ni suala la saa chache. Polisi hawakuambiwa.

Kwa nini waliamua hivyo

Tukitaka kujifunza, tusianze kwa kuwaita waovu. Jioni ile kamati ilikuwa na njia tatu hivi. Ya kwanza, kupiga simu polisi na kumwacha mwalimu mahali alipo. Ya pili, kumsimamisha na kuendelea kuchunguza wao wenyewe, au kupitia marabi. Ya tatu ni waliyoichukua.

Ukiitazama kwa macho yao, ya tatu ina mvuto. Watoto wa shule wanakuwa salama kuanzia asubuhi. Waandishi wa habari hawapati kitu. Familia za wasichana hazianikwi mbele ya washenga. Na kuna kanuni ya kale, mesira, inayokataza Myahudi kumkabidhi Myahudi mwenzake kwa mamlaka ya wasio Wayahudi. Ilizaliwa katika karne ambazo mtu aliyekabidhiwa kwa mtawala hakurudi akiwa hai. Pembeni yake ipo lashoni hara, katazo la kumsema mtu vibaya hata kwa jambo la kweli, na juu ya yote hofu ya kulitia aibu jina la Mungu mbele ya watu wa nje.

Jaji wa Mahakama Kuu ya Victoria, jimbo lenye Melbourne, aliyeisikiliza kesi ya madai ya dada wa kati mwaka 2015 hakuvutiwa na hayo. Aliona kwamba nia ya kumwondosha kwa haraka ile ilielekea kuwa kuficha maovu yake na kuhakikisha mambo yanaishia ndani ya jumuiya. Akaulaani mwenendo wa kamati kwa maneno makali kuliko ambavyo majaji huzoea. Funika kombe mwanaharamu apite: ndicho kilichofanyika, isipokuwa mwanaharamu alikatiwa na tiketi.

Miaka ya kungoja

Dada hao walikwenda polisi mwaka 2011. Hati za kumkamata zikatolewa, Australia ikaomba arudishwe akajibu mashtaka, na Agosti 2014 akakamatwa Israeli na kuwekwa chini ya kifungo cha nyumbani. Mtu angedhani imebaki miezi.

Haikuwa hivyo. Kila kikao kilipokaribia, mwalimu alipatwa na hali ya akili iliyomzuia kufika mahakamani. Mwaka 2016 mahakama ya Jerusalem ilisimamisha shauri kwa sababu ya afya yake na kifungo cha nyumbani kikaondolewa. Akahamia kijiji cha Waharedi katika Ukingo wa Magharibi.

Hapo dada watatu wakafanya jambo ambalo kwa malezi yao lilikuwa sawa na kujitangazia talaka na jumuiya nzima: walijitokeza kwa majina na sura zao. Mwaka 2017 walianza kampeni, wakaonana na wanasiasa wa nchi zote mbili. Shirika la Kiyahudi linalofuatilia wanyanyasaji wa watoto likawakodi wapelelezi binafsi, wakapiga kambi kijijini na kamera. Mgonjwa aliyesemekana hajiwezi alionekana akifanya manunuzi, akipanda basi, akizungumza na simu mtaani. Februari 2018 polisi wa Israeli walimkamata tena.

Bado ilichukua karibu miaka mitatu. Jopo la madaktari wa akili lilieleza Januari 2020 kwamba alikuwa anaigiza, mahakama ikakubali Mei mwaka huo, rufaa zikaisha Desemba, na tarehe 25 Januari 2021 akapandishwa ndege. Vikao vyote pamoja vilizidi 70. Katikati ya safari hiyo ikabainika kwamba mwanasiasa mkubwa wa Waharedi, aliyekuwa naibu waziri wa afya, aliingilia kati ili asirudishwe. Mwaka 2022 alikiri kosa la kuvunja uaminifu wa umma kwa makubaliano na waendesha mashtaka, akajiuzulu ubunge na kutozwa faini. Faini yenyewe ilikuwa shekeli 3,000, pesa ambayo haitoshi hata tiketi moja ya kwenda Melbourne na kurudi.

Matokeo

Kesi ya madai ilitangulia ya jinai kwa miaka minane. Septemba 2015 dada wa kati alipewa fidia ya zaidi ya dola milioni 1.2 za Australia. Ndani yake mlikuwemo fidia ya adhabu, ile inayotolewa ili mkosaji na wengine wasirudie: sehemu aibebe mwalimu, sehemu ibebwe na shule.

Kesi ya jinai ilianza Melbourne Februari 2023. Tarehe 3 Aprili jopo la juri, yaani raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, lilimkuta na hatia katika makosa 18 kati ya 27, yakiwemo ya ubakaji. Makosa yote matano yaliyomhusu dada mkubwa hayakuthibitishwa. Agosti 24 alihukumiwa miaka 15, na hawezi kuomba kuachiwa kwa masharti kabla ya kutimiza miaka 11 na nusu. Siku 2,069 alizokwisha kaa kizuizini zilihesabiwa ndani yake.

Uchambuzi: kilichoharibika

Kamati ilijibu swali, ila lilikuwa swali jingine. Waliloulizana ni: tumwondoeje miongoni mwetu? Lililopaswa kuulizwa ni: nani, asiye mmoja wetu, anapaswa kulijua hili usiku huu? Ukishauliza la kwanza, ndege ni jibu la busara kabisa. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kilichokosekana pale ni ujasiri au elimu. Elimu ilikuwepo mezani. Aliyekosekana ni mtu ambaye hatakutana na mtuhumiwa, au mume wake, au shemeji zake, Sabato inayofuata.

Kumsimamisha kazi ndani ya saa chache kilikuwa kitendo sahihi, na watetezi wa kamati hulitaja hilo. Ni kweli kwamba shule nyingi hazifanyi hata hivyo. Lakini kumsimamisha mtu na kumtorosha ni vitu viwili, na cha pili kilikula faida ya cha kwanza. Wasichana waliobaki Melbourne walipata usalama. Wasichana wa mahali alipokwenda hawakuwa na mtu wa kuwaonya, kwa sababu hakuna karatasi iliyomfuata. Mwalimu aliyetuhumiwa kwa jambo zito kuliko yote aliingia nchi nyingine akiwa na historia safi ya kazi.

Tatizo la pili ni la kisheria, na wengi hulipita. Sheria ya Victoria ilikuwa tayari inawataka walimu watoe taarifa wanapoamini mtoto anadhulumiwa. Lakini mwaka 2008 aliyesema alikuwa mtu mzima, mke wa mtu, akieleza yaliyopita. Mtu anayetafuta mwanya angeweza kujiambia kwamba sheria haimgusi. Maadili hayana mwanya huo, maana mwalimu alikuwa bado ana ofisi yenye mlango na wanafunzi wanaoitwa mmoja mmoja.

La tatu ni dini yenyewe ilivyotumiwa. Katazo la kumsema mtu limetoka Walawi 19:16, aya inayokataza kwenda huku na huko kama mchongezi. Aya hiyohiyo, kabla haijafika nukta, inakataza kusimama tu damu ya jirani ikimwagika. Kila mvulana wa yeshiva, shule ya kusomea Torati, anaifahamu aya nzima. Katika visa vya aina hii nusu ya kwanza ndiyo inayokumbukwa, kwa kuwa haigharimu kitu. Wala marabi hawajanyamaza: baraza la marabi la Victoria lilishatamka kwamba mesira haina nafasi katika unyanyasaji wa watoto na kwamba ni wajibu kwenda polisi, na baraza kubwa la marabi wa Kiorthodoksi wa Marekani limesema vivyo hivyo. Matamko hayo ni muhimu. Ila tamko la rabi wa sinagogi la jirani halina uzito sana katika jumuiya isiyomhesabu rabi huyo kuwa wake.

Na vipi kama wangechukua njia ya pili, ya kuchunguza wenyewe? Tuna mfano wake. Marekani, mwaka 1989, marabi watatu waliketi kama mahakama ya dini kusikiliza tuhuma dhidi ya rabi maarufu aliyefanya kazi na vijana. Aliendelea na kazi hiyo kwa zaidi ya miaka kumi, mpaka gazeti la Kiyahudi la New York lilipoandika habari zake mwaka 2000. Mwaka 2002 alipatikana na hatia New Jersey ya kuwadhalilisha wasichana wawili wa shule aliyokuwa mkuu wake. Mmoja wa marabi watatu aliomba radhi hadharani baadaye. Majaji wale hawakuwa wajinga. Hawakuwa na uwezo wa kupekua, kulazimisha mashahidi wala kuwalinda, na mtuhumiwa alikuwa nyota wa nyumba yao.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Mshauri nasaha ndiye wa kwanza. Alisikia, akaamini kiasi cha kutolifungia jambo ndani ya chumba chake. Bila yeye huenda hakuna lolote kati ya haya lingeandikwa.

Kesi ya madai ilifanya kazi zaidi ya ilivyotarajiwa. Mwalimu hakuwepo, hakurudi, hakujitetea, na bado ukweli kuhusu usiku wa Machi 5 uliwekwa kwenye rekodi, pamoja na tiketi, saa na aliyelipa. Mashtaka ya jinai yalikuwa dhidi ya mtu mmoja. Madai yaliigusa taasisi, na taasisi huelewa haraka inapofika kwenye hesabu ya benki.

Wapelelezi nao. Ni jambo la kushangaza, na la kufedhehesha kidogo kwa dola, kwamba vyombo vya nchi mbili vilikwama kwa kitu ambacho watu wenye kamera walikitatua. Hapa isisahaulike kwamba waliowatuma ni Wayahudi, wengi wao wanaoshika dini. Wanaodai kwamba jumuiya ya Kiyahudi ililinda mnyanyasaji wanasema nusu tu. Iligawanyika, na upande mmoja ulitumia pesa, usingizi na jina lake kumrudisha.

Kuhusu dada watatu, nitasema kwa uangalifu. Kuanika majina yao ndiko kulikoisukuma kesi, lakini haifai kuwa ndiyo bei ya kuhudumiwa na haki. Shule nyingine ya Kiyahudi mjini Melbourne, ya wavulana, ilifikishwa mbele ya Tume ya Kifalme Februari 2015, na pale ilisikika jinsi familia ya manusura aliyesema ilivyotengwa na watu waliokuwa wakila nao. Hilo liko kwenye mizani ya kila anayefikiria kufungua mdomo.

Lililobaki bila jibu

Makosa matano ya dada mkubwa. Juri haitoi sababu, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwa nini hayakuthibitishwa. Tunachojua ni jinsi makosa haya yanavyopimwa: kosa dhidi ya msichana wa miaka 16 au 17 na kosa dhidi ya mtu mzima vina vigezo tofauti, kwa hiyo mwezi na mwaka vina uzito mkubwa. Mwaka 2008 askari aliyefunzwa kazi hiyo angeandika maelezo ilhali ratiba za shule zipo, walimu wenzake wapo, na orodha za kambi bado zimo kwenye faili. Mwaka 2023 mawakili wa utetezi walikuwa wanauliza maswali juu ya tarehe za karibu miongo miwili nyuma.

Sheria imesogea tangu hapo. Bunge la Victoria lilipokea Novemba 2013 ripoti ya uchunguzi wake kuhusu unyanyasaji katika taasisi, na kuanzia Oktoba 2014 ni kosa la jinai kwa mtu mzima yeyote kukaa kimya, bila sababu ya msingi, akiamini kwamba mtoto wa chini ya miaka 16 amedhalilishwa kingono na mtu mzima. Tangu 2017 mkuu wa taasisi analazimika pia kumjulisha msimamizi wa serikali kila tuhuma ya aina hii inapomgusa mfanyakazi wake. Kamati ikiketi leo katika nyumba ileile, na simu ileile mezani, wajibu wa kutokaa kimya unamkuta kila mjumbe peke yake. Hauishii kwa mwenyekiti, na haufi kwa kuwa mwalimu keshaacha kazi au keshafika uwanja wa ndege.